Ndoo Hairudi Tupu

Wivu wangu kwa wifi yangu Raheli haukuanzia kwenye samaki. Ulianzia kwenye mwandiko. Naliandika hilo mapema ili asije mtu akasema Mama Damiano amejisafisha.

Tulikuwa mafunzoni Kilosa mjini siku nne, wafugaji wa samaki kumi na wanane kutoka kata mbalimbali. Mwalimu alikuwa Bwana Evarist, afisa uvuvi, kijana mpole mwenye kikohozi kisichokwisha. Siku ya pili akachukua daftari la Raheli, akaliinua juu darasa zima lione. "Huu ndio mwandiko," akasema. "Mama huyu atakuwa katibu wetu." Raheli akainamisha kichwa kwa haya. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, nikalifunga daftari langu.

Sasa sikiliza. Raheli ni mdogo wa marehemu mume wangu, Petro. Nilipoolewa Kilangali nikitoka kwetu milimani Lumuma, nilimkuta ana miaka minane, kalamu anaishika kama mchi. Mimi, na darasa langu la saba, ndiye niliyemwonesha jinsi ya kuandika herufi ya k isianguke chali. Hata bwawa la kwanza la samaki pale kwetu, upande wa mfereji wa mpunga, tulilichimba mimi na Petro kwa majembe mawili na toroli lenye gurudumu bovu. Raheli alikuja kuangalia, akauliza maswali yake, mwaka uliofuata akachimba la kwake. Halafu leo yeye ndiye katibu?

Siku ya tatu nikasema kichwa kinaniuma. Nikabaki nyumba ya wageni nimelala chali nahesabu mbao za dari. Zilikuwa arobaini na moja. Siku hiyo ndiyo waliyofundisha magonjwa ya samaki.

Jioni Raheli akarudi na daftari. "Wifi, nikusomee tuliyofundishwa leo?"

"Mimi nimefuga samaki wewe hujajua hata kuwapara," nikamjibu. "Kalale."

Akaenda kulala. Ndivyo alivyo, ukimtukana anakwenda kulala.

Kazi yetu sisi wawili ni vifaranga vya perege. Perege jike akishataga hayaachi mayai yake. Anayachukua yote mdomoni, anakaa nayo humo siku na siku bila kula, mashavu yamevimba kama mtoto aliyeiba sukari. Sisi tunawaweka wazazi kwenye vizimba vya neti vilivyofungwa kwenye miti minne ndani ya bwawa. Kila baada ya siku kumi tunawatoa majike mmoja mmoja, tunafungua mdomo kwa kidole gumba, taratibu, tunakung'uta mayai kwenye bakuli. Ni ya njano, madogo kama punje za mtama. Tunayatia kwenye chupa za maji zilizokatwa kitako na kupinduliwa, maji yanapita yakiyarusharusha mpaka yaanguliwe. Vifaranga vikikua kidogo kwenye mabeseni, wateja wanakuja na madumu kuvichukua.

Mwaka wa kwanza wateja walikuja kwangu. Mwaka wa pili tukagawana. Mwaka wa tatu wakaanza kunipita.

Nasema kunipita kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya kwanza ukiacha barabara ya Mikumi kwenda Kilosa. Ya Raheli iko mbele, umbali wa mtu kuita mara mbili akasikika. Anayekwenda kwake lazima apite getini kwangu. Nilikuwa nakaa pale napeta mchele, nawaona: pikipiki ina madumu mawili ya njano, hiyo ni ya kwake. Baiskeli ina ndoo, ya kwake. Wengine walikuwa na adabu ya kutazama pembeni. Siku moja wawili wakasimama. "Shikamoo bibi. Kwa mama wa vifaranga ni wapi?"

Mama wa vifaranga! Nami nimesimama mbele yao na wavu begani.

"Marahaba wanangu. Kateni kushoto, mwende moja kwa moja."

Njia ya kushoto inaishia kwenye mkonge. Nilisikia walizunguka huko mpaka adhuhuri. Nilipeta mchele ule kwa raha, hata chuya moja sikuiacha.

Siri ya Raheli ilikuwa moja, vifaranga vyake havikufa. Vyangu vilikufa, si vyote, lakini vilikufa. Nikaanza kwenda kwake kuchungulia. Getini ameweka beseni pana lenye maji ya chumvi, na kila aingiaye lazima akanyage humo mpaka ahesabu thelathini. Pembeni kuna sabuni na kata ya maji ya kunawa mikono. Kila kizimba kina wavu wake na ndoo yake, vimefungwa kitambaa cha rangi moja: chekundu na chekundu, kijani na kijani, njano na njano. Nyavu zikishatumika zinaanikwa juani kama dagaa. Na swali lake la kwanza, kabla ya kukuuliza habari za nyumbani, ni, "Umetoka kwenye bwawa la nani?"

"Nimetoka kwenye bwawa la kaka yako," nilimwambia siku ya kwanza. "Unanitawadhisha mimi? Mimi ni najisi?"

"Shikamoo wifi. Si wewe. Ni miguu."

"Miguu yangu na mimi tunatembea pamoja."

Akacheka, lakini beseni hakuliondoa. Nikaliruka. Tangu siku hiyo nikawa napitia nyuma, kwenye migomba, kusiko na beseni.

Basi nikasema moyoni, nitampita kwa ukubwa. Nikaenda Mikumi. Karibu na malori yanapolala pana bwana mmoja anaitwa Gerald, anauza samaki wazazi kwenye pipa nyuma ya toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu. Alikuwa na majike meusi, mapana, kila mmoja kama sahani ya pilau. "Mama, hawa ni malkia," akaniambia. "Ukiwatia bwawani leo, kesho wanaimba." Nikachukua kumi na wanane. Nikafika nyumbani saa tisa na nusu, na saa kumi kasorobo walikuwa ndani ya kizimba changu pamoja na wazazi wangu wa zamani. Sikuwachunguza wala sikuwatenga. Niliwatia tu, nikasimama ukingoni nikijiona mwenye mali.

Haikupita wiki mbili, vifaranga vikaanza kuelea. Asubuhi kumi, asubuhi ya pili arobaini. Mapezi yamechakaa kama ncha za kanga kuukuu, midomo ina kitu cheupe kama pamba. Nikasema ni jicho la hasidi. Nikasema ni vyura. Nikasema ni ndege, mpaka ndege nao nikawaona hawataki kuwala. Jirani mmoja akanishauri vidonge vya rangi mbili, vile vya binadamu. Nikafungua vidonge ishirini, unga nikaumwaga kwenye mabeseni. Maji yakawa machafu, vifaranga vikaendelea kufa.

Habari haikai. Ijumaa akaja Anitha, mkwe wa Raheli, na ndoo ya buluu kichwani.

"Shikamoo mama. Mama amesema pole, amekuletea hivi uanze navyo."

Ndani ya ndoo mlikuwa na vifaranga mia, vimechangamka kama mvua kwenye dimbwi. Juu yake mfuko wa chumvi, kilo mbili. Na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nikaifungua karatasi. Mwandiko ule. Mistari imenyooka, herufi za k zimesimama kama askari. Nikaona maneno mawili ya kwanza, "Wifi, usiwatie", sikutaka kuona zaidi. Nikaikunja, na jioni nikawashia jiko. Chumvi nikaipikia maharage. Vifaranga nikavitia bwawani kwangu hapohapo, na vilipokufa siku ya nne nilifurahi. Nikajisemea, kumbe na vya kwake hufa.

Lakini ndoo ya mtu ilikuwa kwangu, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mtu akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi hata na nyanya mbili, hata na chumvi kwenye karatasi. Ukirudisha kitupu umesema, usinijie tena. Mimi nilitaka kurudisha kitu kitakachomnyamazisha. Nikaingia bwawani, nikachagua malkia watatu wa Gerald, wakubwa kupita wote, mmoja mashavu yamejaa mayai. Mwingine mgongoni palikuwa na weupe kidogo. Nikasema ni jua.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nikampelekea. Aliipokea ndoo getini kwa mikono miwili. "Wifi! Wazazi wakubwa hivi! Asante sana, Mungu akurudishie." Nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo.

Jumatatu nikaenda kuwaona malkia wangu wanavyotawala. Nikabeba na ndoo yangu ndogo, kisingizio cha kuomba pumba. Nikapitia migombani kama kawaida. Nikatazama kizimba chekundu, hawamo. Cha kijani, hawamo. Cha njano, hawamo. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Pale, kati ya ukuta wa bafu na lundo la kuni, palikuwa na pipa lililokatwa nusu, limefunikwa neti. Watatu wangu walikuwa humo, wamebanana, pembeni wamewekewa wavu wao na kata yao vyenye kitambaa cheusi.

Cheusi!

Raheli akatokea na kuni mkononi. "Shikamoo wifi. Umepitia wapi? Sikusikia mtu getini."

"Marahaba. Zawadi yangu umeitupa bafuni?"

"Sijaitupa. Samaki mgeni anakaa peke yake siku ishirini na moja. Nikiona ni mzima, anaingia kwa wenzake. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mimi ni mgeni?"

"Samaki, wifi. Samaki ndiye mgeni. Hata angeniletea askofu, wangekaa hapo."

"Askofu ungemwekea kitambaa cheupe."

Akaniangalia, akaona hasira yangu si ya mzaha. "Ngoja nikuchemshie chai," akasema. "Tuongee tumekaa." Akaingia jikoni.

Nilisikia anavunja kuni. Nilisikia sufuria inawekwa. Anitha alikuwa amekwenda mashine kusaga. Mbele yangu malkia wangu wamefungiwa kama wezi, na kule bwawani wa kwake wanaogelea wamejiachia. Sikufikiri sana. Nikawashika kwa mikono, nikawatia kwenye ndoo yangu, nikashuka bwawani hadi magotini, nikainua neti ya kizimba chenye kitambaa chekundu, nikawaachia. Wakazama. Wote watatu wakaondoka bila kugeuka. Nikachota maji kidogo kwenye ndoo, nikaifunika na upande wa kanga, nikarudi kukaa kwenye kigoda.

Raheli akaleta chai ya tangawizi na vitumbua vitatu. "Mbona kanga imelowa?"

"Samaki wangu nimewachukua," nikamwambia, nikigusa ndoo. "Kama hawafai kukaa na wenzao, warudi kwao."

Akalitazama pipa tupu, akaitazama ndoo iliyofunikwa. Macho yakamjaa. "Usifanye hivyo, wifi. Zawadi hairudishwi."

"Chai yako tamu," nikasema. "Umetia sukari ya kutosha."

Nikainywa yote. Na vitumbua viwili nikala.

Nilifika kwangu saa kumi. Kizimbani kwangu wawili wa wale malkia waliobaki walikuwa wanaelea. Nikamvuta mmoja ukingoni kwa kijiti. Mgongoni, toka pezi la juu kushuka mbavu zote mbili, alikuwa na baka jeupe lenye ukingo wa njano, kama mgongo wa punda aliyechubuliwa na tandiko. Nikamgeuza wa pili. Baka lile lile. Ndipo nikaukumbuka ule weupe kidogo niliosema ni jua.

Kwa hiyo wifi yangu alikuwa na haki. Ugonjwa umetoka Mikumi na wale samaki wangu, nami nimeupeleka kwake kwa mikono yangu, nimeuficha chini ya neti yake, na mwenye nyumba anaamini haupo.

Sasa nitaandika jambo ambalo ningeweza kuliruka. Nilifurahi. Sikuwa nimelipanga, lakini lilikuwa limetendeka, na hakuna aliyeniona. Nilikaa ukingoni nikaona mbele: pikipiki zinageuka getini kwa Raheli na madumu matupu, zinarudi, zinanipita tena. Mama wa vifaranga hana vifaranga. Tungekuwa sawa. Furaha hiyo ilidumu kama muda wa kuchambua kisado cha mchele, halafu ikakatika.

Maana nilijua na la pili. Alhamisi ilikuwa siku ya Raheli kukusanya mayai ya kizimba chekundu, vifaranga elfu tano vya kikundi cha Lumuma, kinachoongozwa na Kornelio, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Watu wa kwetu! Walikuwa wameweka oda kwake na si kwangu, na hilo nalo nililipokea kama kofi. Ila wale wamechimba mabwawa kumi na moja kwa majembe, kwenye mashamba ya vitunguu. Ugonjwa ungepanda nao mlimani ndani ya madumu.

Jumanne sikutoka. Nilijiambia, kesho nitasema. Nilijiambia pia, labda watapona. Nilijiambia mengi, nikifagia uwanja uliokuwa safi. Asubuhi ya Jumatano nikatoa samaki wafu kumi na watano, nikawarundika karibu na geti niwafukie. Maji yao yakatiririka mpaka njiani.

Nikiwa na jembe mkononi nikamwona Raheli anakuja. Amevaa kitenge cha Jumapili, chenye maua ya zambarau. Ameshika beseni jipya, tupu. Akasimama nje ya geti.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba."

"Sikulala vizuri siku mbili hizi," akasema. "Nimefikiri. Sheria ile ni ya samaki, si ya wifi. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika. Ulichimba bwawa nikaiga. Halafu unaniletea wazazi wako nawaweka bafuni." Akanyoosha beseni. "Nipe wale watatu. Wataingia kizimbani leoleo. Kesho nakusanya mayai ya Lumuma, nataka na ya kwako yawemo, niwaambie watu wa kwenu, haya ni ya Mama Damiano."

Miaka mitatu nilikuwa nayasubiri maneno hayo. Nilikuwa nimeyatunga hata mimi mwenyewe, usiku na mchana, mdomoni mwake, na hakuna siku niliyoyatunga vizuri hivyo. Ningesema tu, "Haya, nimekusamehe." Ningempa hata wengine watatu. Yeye mwenyewe angewatia. Lawama isingekuwa yangu tena milele.

Raheli akainua mguu avuke geti. Amevaa kandambili, na mbele ya mguu wake palikuwa na yale maji ya samaki wangu.

"Raheli, simama hapohapo!"

Mguu ukabaki hewani. "Wifi?"

"Usikanyage. Hapa pana ugonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Samaki. Wote. Tangu nilipowaleta wale wa Mikumi." Nikamwonesha rundo kwa jembe. Akainama akaangalia bila kusogea, na nikaona ameyatambua yale mabaka. Alikuwa ameyaandika siku ya tatu ya mafunzo.

Akarudisha mguu nyuma taratibu. "Basi afadhali uliwachukua," akasema. "Mungu mkubwa. Afadhali uliwachukua, wifi."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Angalau angenishuku.

"Sikuwachukua," nikasema. "Ndoo ilikuwa na maji matupu. Wako kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kizimba chekundu."

Pikipiki ikapita barabarani, ikaenda zake.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Ulipokuwa unachemsha chai."

"Na chai ukanywa."

"Nikanywa."

"Na vitumbua ukala."

"Viwili."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa hata nimemwandalia matusi, maana nayajua yanayoniuma. Yeye akaniuliza, "Ulitumia wavu wa rangi gani?"

"Nilitumia mikono."

"Vizimba vingine uligusa?"

"Hapana."

"Apa."

"Haki ya Mungu. Haki ya Petro aliyelala."

Akavua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia. Ana miaka sitini na mmoja. Nami nikatupa jembe nikamfuata, sitini na tisa, magoti yanalia kama mlango. Nilipofika getini kwake nilimkuta amesimama ndani ya beseni la chumvi, kwake mwenyewe, ana haraka kama mtu mwenye moto nyumbani, na anahesabu. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini. Akatoka. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu tutoke kwangu.

"Na wewe."

Nikaingia. Maji yalikuwa ya baridi, na chumvi ikanichoma kwenye ufa wa kisigino. Nikahesabu kwa sauti. Nilipofika kumi na tisa nikaruka nikasema ishirini na moja.

"Rudia," akasema Raheli.

Nikaanza upya kutoka moja.

Tulifanya kazi mpaka jua likazama, mimi, yeye na Anitha. Malkia wangu tuliwapata wote watatu. Mmoja alikuwa tayari na baka. Majike hamsini na manne ya kizimba kile tukayatoa, tukayaosha kwa maji ya chumvi kwenye pipa, wachache wachache, Raheli akitazama saa ya simu, kisha tukayatenga mbali, nafasi pana, bila chakula. Mayai yaliyokuwa midomoni mwao tukayakung'uta, na badala ya kwenda kwenye chupa yakaenda kwenye shimo, tukayafunika kwa chokaa. Mabakuli matatu. Niliyashika mimi. Nyavu za kitambaa chekundu tukazisugua na kuzianika. Wakati wote Raheli hakusema nami ila "shika" na "weka" na "nawa".

Ijumaa Bwana Evarist akaja na sanduku lake, akakohoa, akapangusa migongo ya samaki kwa pamba, akasema ni vijidudu vinavyopenda maji ya vuguvugu na samaki waliobanana, vinasafiri kwa wavu, kwa mkono, kwa ndoo. Nikamwambia, Raheli akisikia, habari ya chumvi niliyoipikia maharage na ya vidonge vya rangi mbili. Akashika kichwa. "Bibi, hizo ni dawa za watu. Ukizimwaga bwawani unavifundisha vijidudu kuzizoea. Siku ukiugua wewe, vitakucheka." Akanifundisha na la kwangu: nitoe maji yote, nitie chokaa, niliache bwawa likauke mpaka udongo upasuke.

Majike ishirini na mawili yalikufa kwa Raheli. Kizimba cha kijani na cha njano, kwa bahati, havikupata kitu. Kwa Lumuma alipiga simu mbele yangu. "Kornelio mwanangu, nina ugonjwa kizimbani. Mnisubiri wiki sita. Hapana, si kosa la mtu. Ni ugonjwa tu." Akakata simu, akaendelea kuanika nyavu. Jina langu hakulitaja. Hilo nalo liliniuma kuliko tusi: hata kwa wema ananipita.

Ile ndoo ndogo niliyofichia maji ilikuwa yangu. Ila Anitha alikuja siku moja kuniletea tena ndoo ya buluu, ile ya kwao, nitumie kutolea tope bwawani. Nilipomaliza ikabidi irudi, na samaki sina hata mmoja. Nikaisugua, nikaikausha juani siku mbili, nikatia chumvi ya mawe, kilo mbili, nikaenda nayo kupitia getini. Nikahesabu thelathini.

Raheli akafunua, akaona. Akatikisa kichwa. "Maharage yalikolea?"

"Yalikolea sana."

Kesho yake ndoo ikarudi kwangu, na ndani yake, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki lisilowe, lile daftari lake, limefunguliwa pale penye siku ya tatu.

Sasa bwawa langu limekauka, limepasuka vipandevipande kama mkate wa ufuta. Nakaa getini nanakili. Kurasa kumi na moja, na sijafika nusu, maana mkono wangu ni mzito na kila neno naliandika lote. Mwandiko wake bado mzuri kuliko wangu, na bado unanikera.

Juzi, wiki ya sita, likasimama gari dogo la mizigo lenye madumu mengi. Akashuka kijana mwenye kofia, ana sura ya baba yake.

"Shikamoo bibi. Mimi Kornelio wa Lumuma. Nimeambiwa hapa ndipo kwa Mama Damiano. Wazee wanakusalimia."

"Marahaba, mwanangu. Wasalimie sana."

Akatazama ndani. "Na wewe tulisikia una vifaranga. Vinapatikana? Elfu tano tunazochukua hazitutoshi."

Nilishika daftari kwa mikono miwili. Njia ya kushoto ilikuwa pale pale ilipo.

"Sina," nikasema. "Wangu waliumwa, wakafa. Usiingie na hayo madumu, udongo wangu haujapona. Nenda mbele, usikate popote, utaona geti lenye beseni. Ukifika ukanyage, uhesabu thelathini."

"Na wenzangu waliobaki garini?"

"Na wao. Mmoja mmoja. Na asiruke mtu, maana Raheli anasikiliza."